Kamba Aliyoikata Gervasi

Rozalia anaanika dagaa ufukweni Katonga, na mpaka leo hamwamkii kaka yake. Watu wanamsema. Mwanamke mtu mzima anapishana na mkubwa wake kama anapishana na nguzo ya umeme!  Yeye anageuza dagaa wake.

Baba yao alikuwa fundi wa mitumbwi. Kabla ya kufa aliagiza matanga yake yakamaliziwe Sigunga, alikozaliwa, na wanawe waende kwa vyombo alivyovitengeneza mwenyewe, kwa tanga na makasia, bila mashine. Wakaenda. Gervasi, kifungua mimba, aliongoza mtumbwi mkubwa wa tanga, umebeba wazee na mizigo. Rozalia na mdogo wake Leonia walipiga kasia kwenye ule mdogo. Upepo ukiwa mzuri walivutwa kwa kamba nyuma ya kaka yao, wapumzishe mikono. Jioni walivuta vyombo mchangani, wakala ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, wakalala.

Walipokwisha kupita mdomo wa mto Malagarasi, dhoruba ikawajia kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Mawimbi yaliwasukuma kwenye majabali, mtumbwi mdogo ungali umefungwa kamba. Leonia alikuwa ameinama, anachota maji kwa sufuria. Rozalia ndiye aliyemwona Gervasi akishika panga.

"Kaka! Kaka, usikate!"

Gervasi alikata. Hakuinua hata uso.

Wakapiga kasia mpaka viganja vikachubuka. Wimbi moja likawatupa kwenye kipande cha mchanga katikati ya mawe, ubao mmoja ukapasuka. Kesho yake wakaziba ufa kwa khanga ya Leonia, wakaendelea.

Sigunga walikuta watu wanawalilia wao. Gervasi alikaa katikati ya wanaume, anapokea pole.

"Kamba ilikatika yenyewe," alikuwa amewaambia.

Rozalia alimtupia miguuni kipande cha kamba kilichobaki mtumbwini mwao. "Uliikata kwa panga. Nilikuona!"

"Mawe yanakata kamba," Gervasi akawaambia watu kwa upole. "Dada yenu amepigwa na jua na njaa. Mpeni uji."

Wakamwamini. Shangazi Margareta akamshika Rozalia mkono. "Mwanangu, tuko msibani. Nyamaza."

Uji ulipoletwa, Rozalia aliumwaga.

Baadaye Gervasi akamfuata ufukweni. "Nilikuwa na wazee mle ndani," alisema. "Mngetuzamisha sote."

"Hilo ningelielewa! Ungeita tu, 'Rozalia, nakata!' Tungejiandaa. Wewe ukainama kama mwizi, halafu ukaja hapa kulia machozi ya uongo. Na sasa mimi ndiye mwenye wazimu?"

Gervasi akageuka, akarudi msibani. Safari ya kurudi, Rozalia alikataa kufungwa kamba. Yeye na Leonia walikwenda wakiambaa na pwani, pole pole, peke yao.

Krismasi Gervasi alikuja kwa Rozalia na mkungu wa ndizi. "Nisamehe kwa kuikata," alisema, amesimama mlangoni.

"Kuikata nilishakusamehe. Rudi Sigunga ukawaambie wale watu kwamba sikuwa na wazimu. Ukirudi, shikamoo yako utaikuta."

"Rozalia, mimi ni mkubwa wako. Nitaaibika."

"Basi chukua ndizi zako."

Alizichukua. Sigunga hajaenda. Leonia humwamkia na kumchekea; huo ni moyo wake. Rozalia akimwona kaka yake anakuja njiani, humpita bila shikamoo.