Pua Yangu Ndani ya Mashine

Siku yangu ya kwanza kiwandani, hapa upande wa Konoin, nilipewa gambuti, aproni, kofia ya kufunika nywele na amri moja: ninyamaze. Mtengenezaji chai mkuu, mzee kutoka kando ya ziwa mwenye sauti ya kuamsha wafu, alichota konzi ya majani yaliyosagwa akanisogezea puani.

"Msichana, inanuka nini?"

"Nyasi, mzee."

"Basi bado. Ikianza kunuka kama epo imeiva, unaniita. Mbio!"

Sasa mimi, binti wa Mogogosiek, epo, yaani tofaa, ningeijulia wapi? Kwetu kulikuwa na chai, ng'ombe na mahindi, basi. Nilisimama pale nikinusa hadi majani yakageuka rangi ya shaba na kutoa harufu niliyoijua vizuri, ya ndizi zilizofunikwa kwenye gunia ziive. Nikamwita. Alinusa, nikamweleza habari ya ndizi, akacheka hadi kofia ikamwanguka.

"Ndizi, epo, shauri yako! Bora ufike."

Nilimpenda mzee huyo tangu saa ile, na mpaka leo namtaja katika maombi.

Kwa ninyi ambao hamjaingia kiwandani, kazi ni hivi. Majani yakitoka kwa mkulima hulazwa kwenye vihori virefu vinavyopulizwa hewa, yanyauke. Kisha husagwa na kutandazwa yachachuke, yaani yatoke ukijani na kuwa shaba, kabla ya kuingia kwenye kikaushio. Chai hupata ladha yake huko kwenye kuchachuka. Ukiyatoa mapema, kikombe kinanuka ubichi. Ukichelewa, chai inapooza, na hakuna kurudi nyuma. Mimi nilikaa kwenye kuchachusha chini ya mameneja wengi, mmoja mkali, mmoja mcha Mungu, mwingine aliyeogopa boila kama chatu, na wote waliniuliza swali lile lile: "Mama Kiprono, tayari?"

Baadaye akaletwa Odhiambo, fundi kijana, pamoja na mashine yake. Ilikuwa kamera na vipima joto juu ya mkanda wa kuchachushia, na kioo kinachowaka. Niliiita mkwe. Mkwe unamkaribisha, unampa kiti kizuri, lakini siri za nyumba humwambii. Odhiambo hakukasirika, maana ni mtoto mwenye roho safi. Kila niliposema tayari, alibonyeza kitufe, nami sikujisumbua kuuliza anabonyeza nini.

Kisha ikaja korona. Niliona jambo moja wakati ule: hofu ikiingia, kila mtu hushika kitu kimoja na kukikumbatia. Jirani yangu alishika sufuria ya kujifukiza. Kiprono wangu alishika simu, akitusomea kila uvumi hadi nikamwambia anyamaze tule. Mimi nilishika pua yangu. Nilijiambia, hata dunia ikipinduka, pua ninayo.

Kumbe ndiyo iliyochukuliwa. Niliugua, nikapona, nikafungua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando yenye mkaa, ambayo mgeni huyasikia harufu akiwa bado mlangoni. Sikusikia kitu. Nililia pale jikoni kama mtoto, na si kwa ajili ya kazi peke yake. Sikujua mimi ni nani bila ile pua.

Siku ya kurudi nilienda moja kwa moja kwa meneja nikamwambia ukweli. Ulikuwa msimu wa majani mengi, vihori vimejaa jasho la majirani zangu, na chai ikipooza ni wao watakaoumia.

"Sasa Mama, tutafanya aje?" meneja akauliza. "Chelangat bado anajifunza."

Chelangat ndiye msichana niliyekuwa nikimfundisha kazi yangu. Kabla sijajibu, Odhiambo akaingilia kati.

"Mama, pua yako si iko? Iko ndani ya hii kitu. Kila ukisema tayari, nilikuwa naifundisha: rangi ni hii, joto ni hii. Chai yenyewe haijui. Inajua wewe tu."

Nikakaa juu ya kreti. Mkwe niliyemficha siri alikuwa nazo zote! Nilicheka na kulia pamoja hadi barakoa ikalowa. Msimu ule chai ilitoka nzuri, nami nilisimama kando ya mashine kama mtu anayejisikiliza redioni, nikiwa na furaha na aibu kidogo.

Lakini nilipozoea, nikaanza kuitilia shaka. Mashine ilikumbuka niliyoyasema, haikujua jinsi nilivyofika kuyasema. Mimi nilikuwa nikinusa huku natazama ukungu, nauliza majani yametoka mteremko gani, najibishana na nafsi yangu. Wakati wa dhiki tunapenda sana jibu la jana kwa sababu lilituokoa. Kufikiri ni kulishukuru jibu hilo kisha kuliuliza tena, na hilo ni gumu mtu akiwa na hofu. Nilimwimbia Chelangat wimbo huo hadi akachoka nami.

Sasa nimestaafu. Pua haikurudi. Nanywa chai yangu kwa kuamini tu kwamba inanukia.

Juzi mvua ya mawe ilipiga Konoin, majani yakachubuka yakiwa bado shambani, na jani likichubuka huanza kuchachuka huko huko. Kesho yake simu ikalia. Alikuwa Chelangat, na nyuma yake ngurumo za mitambo.

"Mama, chamgei," akanisalimu kwa lugha yetu. "Mashine inasema bado. Mimi nikinusa nasikia ni tayari, tena karibu inapita. Meneja amesema niamue haraka."

Nikamsikia Odhiambo akipaza sauti: "Muulize yeye! Si ni pua yake?"

Ile ndiyo pua pekee niliyobaki nayo duniani, na nilitamani iwe sahihi kuliko nilivyowahi kutamani kitu. Moyo uliniuma, siwafichi.

"Chelangat, ni wewe uko hapo kwa mkanda?"

"Ni mimi, Mama."

"Basi mimi siko. Toa hayo majani."