Mgeni wa Mama Ilonka

Hii ninayowaletea hakuna atakayeiamini, na ninyi mliosoma ndio mtakaokuwa wa kwanza kukunja midomo. Kunjeni tu. Shule ndiyo iliyoniacha, siyo mimi niliyeiacha, lakini kusimulia sikufundishwa na mtu na wala hayupo wa kunishinda, kuanzia hapa mpaka Gatumba. Kaeni vizuri basi. Na yule aliyekaa karibu na mlango asogee ndani kidogo.

Kuna mwanamke anaitwa Odette. Ni mzaliwa wa Uvira. Vita ilipochacha alikimbilia Kampala, akauza vitenge huko mpaka Kiingereza kikamkaa mdomoni, kisha akarudi upande wa ziwa kwa sababu, kwa maneno yake, samaki wa Kampala hana adabu. Hapa Bujumbura akawa murwaza. Murwaza ni yule anayekaa na mgonjwa: anampikia, anamwosha, anamgeuza kitandani, anasikiliza malalamiko yake. Kila mgonjwa hospitalini ana wake, kwa kawaida dada ama shangazi. Odette yeye alikuwa wa kuajiriwa, na sifa yake ilikuwa moja: mgonjwa wa Odette anakula. Hata mzee aliyemtupia sahani mke wake, kwa Odette alifungua kinywa kama kifaranga.

Ndiyo maana Fabiola alimfuata mpaka kwake Kamenge. Mama yake, Mama Ilonka, ni mzungu wa Hungaria aliyeolewa na agronomu, mtaalamu wa kilimo cha mpunga, Murundi aliyekwenda kusomea huko kwao enzi zile. Walikuja pamoja, wakajenga Buterere, nyuma ya nyumba mashamba ya mpunga hadi macho yachoke. Mume alikufa, yeye akabaki. Alijua Kirundi cha kutania wauza ndagala, yaani dagaa wa ziwani, na Kiswahili cha kuwatukana. Watoto wake hakuwafundisha lugha ya kwao hata neno moja; alitaka wawe Warundi watupu. Sasa damu ikampanda kichwani, akaanguka jikoni, na alipozinduka lugha zote zilikuwa zimemtoka. Imebaki ile ya utotoni peke yake.

"Mi simusikie tena mama yangu," Fabiola akasema. "Na hataki kula. Sahani ikifika anaangalia mlango, anasema maneno yake, anafunga mdomo. Daktari ametupa mpaka siku ya Mungu, Jumapili hii. Asipokula watamulaza, watamutia mpira puani. Na mama aliniapisha, Odette. Aliniapisha nisimutoe mu hii nyumba akiwa hai."

"Atakula," Odette akamjibu. Alikuwa hajawahi kushindwa, ndiyo maana alisema kwa haraka vile.

Akapika wali. Akapika ndagala mbichi na nyanya. Akapika ndizi, akapika mboga ya lengalenga, akapika uji wenye maziwa. Saa ya jua kuzama, mlango wa nyuma ukiwa wazi ili upepo uingie, alimkalisha bibi kwenye mito na kumsogezea kijiko. Bibi alitazama mlangoni. Na hapo ndipo Odette alipoona jambo la kwanza lililomsumbua: macho ya yule bibi hayakwenda huku na huku kama ya mtu anayetazama mashamba. Yalitulia mahali pamoja, juu kidogo, pale ambapo pangekuwa na uso wa mtu.

"Ott áll valaki," bibi akasema.

Vyura wa Buterere mnawajua. Wakianza jioni hata redio haisikiki. Basi bibi aliposema vile, vyura wote wakanyamaza, shamba zima, kama mtu aliyezibwa mdomo. Kisha wakaendelea.

Odette akafunga mlango. Bibi akalia mpaka ukafunguliwa.

Katika rafu ya marehemu kulikuwa na kitabu kilichoachwa na mgeni fulani, kilichovimba kwa unyevu wa mafuriko: Kihungaria kwa wanaosema Kiingereza. Odette akakishika kwa hasira. Mgonjwa amemshinda kwa maneno? Basi na ayajue hayo maneno.

Mimi nilikiona hicho kitabu kwa macho yangu, na nawaambia, kimejaa kuomba radhi. Kila ukurasa kinawapoza Waingereza: usiogope, ni kweli neno moja linaweza kubeba sentensi nzima, pumua, utazoea. Odette alicheka peke yake kitandani. Kitabu kilisema kwa kutetemeka kwamba *látlak*, neno moja, maana yake mimi ninakuona wewe. "Nakuona," Odette akasema kwa sauti. "Sasa munaogopa nini?" Kikasema Wahungaria hawaweki neno dogo mbele ya nyumba kuonyesha kwamba mtu yumo ndani, wanaibandika mkia: *ház* ni nyumba, *házban* ni nyumbani. Akacheka zaidi. Kikasema kitu kinacholiwa nacho kinabandikwa mkia wa *t*, kijana anakula pomu, yaani tofaa, na pomu ndiyo inayovaa mkia ili ijulikane nani anamla nani. Hiyo haikuwa ya kwetu, akaisoma mara mbili. Kikasema mwanaume na mwanamke wote ni *ő*, neno moja. Yeye. Waingereza masikini ya Mungu, hapo kitabu kiliwaomba radhi ukurasa mzima.

Asubuhi alimsomea bibi, na bibi, akiwa amefumba macho, alimgonga mkononi kila alipokosea. Ndivyo walivyosoma, mmoja akisoma na mwingine akigonga.

Ukurasa uliomwondolea kicheko ulihusu mpangilio. Kitabu kilisema: katika lugha hii, unalotaka watu walione unaliweka mbele kabisa, likiguse kitenzi. Odette akarudi kwenye lile neno la kila jioni, akalifungua polepole kama mtu anayefungua kanga yenye fundo. *Valaki*, mtu fulani. *Áll*, amesimama. Na mbele, kwenye kiti cha heshima, *ott*. Pale.

Pale amesimama mtu.

Na jioni hiyo akasikia na lile la pili, alilokuwa akilipita kama kelele tu: *Nem eszem, amíg áll.* Sili, akiwa bado amesimama.

Akampigia Fabiola simu.

"Dada, mama anasema kuna mutu ku mlango."

Fabiola akauliza: "Mwanaume ao mwanamuke?"

"Luga yao haisemi. Ni kama sisi tu. Yeye."

"Na anataka nini?"

"Amesimama. Mama hali chakula sababu ya huyo, amesimama."

Fabiola akavuta pumzi. "Yee, mama wangu... Odette, huyu mama alituchapa sisi wote kwa jambo hilo. Mutu akikukuta unakula, umukaribishe kwanza. Jirani, mwenda wazimu, askari, yeyote. Ukila mutu amesimama ku mlango, fimbo. Basi umukaribishe."

"Apana!" Odette karibu aangushe simu. "We dada, unajua unasema nini? Kwetu mutu usiyemuona haumwambie karibu ku mlango wa mgonjwa. Huyo hakuje kula. Anakuja kubeba."

"Usipomukaribisha, siku ya Mungu mi namubeba mwenyewe. Hospitali. Na mpira. Sasa chagua."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Odette alipika wali na ndagala za kukaanga, akauma kucha zote. Kwao Uvira aliona mambo: shangazi mmoja aliitikia sauti ya nje kwa adabu tu, "karibu," na asubuhi mgonjwa alikuwa ameshapoa. Alijiambia: nitafunga mlango, nitamlisha kwa nguvu. Akakumbuka mpira puani. Akakumbuka kiapo. Akabeba sahani.

Jua likazama nyuma ya milima ya Kongo. Bibi alikuwa ameshakonda hata mashavu yake yalionyesha meno kwa nje. Akatazama. Lakini safari hii hakutazama mlangoni. Alitazama katikati ya chumba, kando ya kitanda, mahali ambapo Odette alikuwa amesimama na sahani.

"Itt áll," akasema.

*Itt*. Hapa.

Vyura walinyamaza na hawakurudi.

Odette alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagusa ukuta. Halafu, najua hamtaamini, akaona haya. Ndiyo, haya. Mgeni ameingia hadi kando ya kitanda na hana pa kukaa, na yeye murwaza amekumbatia sahani. Akavuta kiti cha mbao, akakiweka hapo. Akapakua sahani ya pili, wali na ndagala, kijiko juu. Kitabu kilikuwa kimemfundisha kwamba mtu wa heshima huko kwao humsemeshi uso kwa uso. Unasema kana kwamba unamzungumzia mwingine ambaye hayupo. Akaona huyu ndiye hasa.

"Jöjjön be," akasema, na sauti haikuwa yake. "Üljön le. Egyen velünk." Aingie. Aketi. Ale pamoja nasi.

Kisha akaongeza kwa Kiswahili, kwa sababu kuna mambo mtu hasemi kwa lugha ya kitabuni: "Na ukishiba, unaenda. Peke yako. Umesikia? Peke yako."

Kiti kililia mara moja, kama mti unaobebeshwa mzigo. Mama Ilonka akageuka, akafungua kinywa.

Alikula. Alikula wali wote, akaomba ndagala kwa kidole, akanyonya vidole vyake vyote. Mwisho akatazama mlango, sasa kwa macho ya kawaida ya mtu anayetazama mashamba. "Elment," akasema. Ameondoka. Na nje vyura wakalipuka.

Fabiola alifika siku ya Mungu mchana, gari limechelewa kwenye foleni ya mafuta, akiwa na shuka za hospitali mkononi. Alimkuta mama yake ameketi kwenye mito, anamgombeza Odette kuhusu chumvi. Kwa Kihungaria, ndiyo, lakini ugomvi wa chumvi hauhitaji mfasiri. Zile shuka zilirudi nyumbani zimekunjwa vilevile.

Lakini lililo kubwa sijawaambia. Ile sahani ya pili! Wakati bibi anakula, kile kijiko cha mgeni, nawaapia, kiliinuka chenyewe kutoka kwenye wali, kikasimama hewani, kikajaa ndagala, kikaanza kwenda juu, juu, kuelekea kinywa ambacho ha—

"Tonton Honoré!" Odette mwenyewe ametoka jikoni na mwiko mkononi, ananikatiza. "Muongo we! Kijiko hakikuinuka. Kijiko kililala pale pale, na wali yote ilibakia. Ni kiti tu. Nilipoenda kukitoa, kilikuwa na joto ya mutu."