Chai ya Mkaguzi

Mama Syokau, jirani yangu hapa Kiganjo, alivunjika nyonga miaka kadhaa iliyopita, na tangu hapo hutembea kwa kusukuma kiti cha plastiki mbele yake. Bintiye, Ndinda, hushona nguo kiwandani Ruiru. Serikali ilipotangaza kwamba mzee asiyeweza kujipikia ataletewa mhudumu nyumbani, Ndinda alimwandikisha mara moja. Bila mhudumu, yeye mwenyewe angelazimika kuacha kazi.

Sharti lilikuwa moja: mkaguzi ajionee kwa macho yake kwamba mzee hajiwezi. Lilikuwa sharti la busara, ila lilitungwa na mtu asiyemfahamu Syokau.

"Mwaitu, akija usiinuke," Ndinda alimwonya mama yake. "Lala tu."

Mkaguzi, kijana aitwaye Githae, alipobisha, Syokau alikuwa kitandani kama alivyoagizwa. Lakini mgeni hatoki katika nyumba ya Syokau na koo kavu. Alishuka, akasukuma kiti hadi jikoni, akatumia karibu saa nzima kuchemsha chai, kisha akarudi na kikombe kikiwa juu ya kiti kile kile. Githae alikunywa, akaisifu tangawizi, akaandika: Anajiweza.

Ndinda alikata rufani. Githae akarudi, safari hii chai iliandamana na nduma.

"Shosho, unanimaliza," Githae alilalamika huku akimenya nduma. "Ukinipikia, sheria hainiruhusu kukupa mhudumu."

"Na nisipokupikia, watu watasema nini?"

"Nikikataa je?"

"Utakuwa umenitukana nyumbani kwangu."

Akala, akaandika yale yale. Ilibaki ziara ya mwisho. Akiandika hivyo tena, jina la Syokau lingefutwa. Ndinda alianza kuwaaga wenzake kiwandani.

Siku ya ziara hiyo Githae aliketi, akangoja. Syokau hakutikisika.

"Shosho, leo hakuna chai?"

"Majani yako kwenye kopo la bluu. Ukimaliza, osha sufuria."

"Mimi?"

"Hii ni mara yako ya tatu. Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe."

Githae alichemsha chai, akampelekea mzee kitandani, akaosha sufuria, kisha akaandika kwa furaha: Hajiwezi kabisa.

Jumatatu iliyofuata mhudumu aliwasili, mwanamke mpole aitwaye Selpha. Ndinda, aliyekuwa akitoka kwenda Ruiru, alisikia kiti cha plastiki kikikwaruza sakafu kuelekea jikoni.

"Keti, mgeni," Syokau alikuwa akisema. "Chai yako haikawii."

Ndinda alimvuta Selpha kando, akamnong'oneza: "Vumilia hadi Jumatano."