Maji Niliyoyakataa Newala

Nilipanda Newala kwa sababu ya barua. Mtendaji wa kata alimwandikia mwanangu kwamba mtoto wake wa miaka tisa, Zuhura, haonekani shuleni. Asipomfikisha ofisini Ijumaa, kesi inakwenda mahakamani.

Alhamisi alfajiri nilitoka Lisekese kwa bodaboda hadi stendi ya Masasi, kapu la mbaazi mapajani. Gari lilipoanza kupanda mlima baridi ikaniingia, nikajifunga kitenge cha pili.

Saa tano nilikuwa uani kwao. Mama Zuhura akapiga magoti, akanipa kikombe cha maji. Nikakirudisha. Kwetu mgeni akikataa maji, pana ugomvi.

"Sinywi mpaka mtoto aende shule. Kwa nini hasomi?"

"Anasoma, mama," mwanangu akasema. "Tunamfundisha hapa. Kule darasani wamebanana, mwalimu hana pa kupita. Marekani wanaruhusu."

"Na Ujerumani?" mkewe akamchokoza. "Si ulinisomea mwenyewe kuwa kule wanakataza?"

"Newala si Marekani wala Ujerumani," nikasema. "Niitieni Zuhura."

Akaja, akaniamkia, nikampa ile barua. Aliisoma yote bila kukwama, mpaka mahakamani. Mimi niliyeishia darasa la pili ningekwama mstari wa kwanza.

"Kazi mmeifanya," nikawaambia. "Lakini mmemficha. Anayefichwa ni mwali wa unyago, naye ana siku yake ya kutoka. Huyu wa kwenu anatoka lini?"



Ijumaa asubuhi tulikwenda ofisini wote wanne.

"Shikamoo, bibi," mtendaji akasema.

"Marahaba. Mpe chochote asome."

Zuhura akasoma tangazo la chanjo lililokuwa ukutani. Mtendaji akacheka, kisha akakaza uso. "Safi. Ila sheria yetu haiulizi anajua nini, bibi. Inauliza jina lake liko shule gani."

Mwanangu akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

Jumatatu Zuhura alipimwa na mwalimu, akaingia darasa la tatu na wenzake. Mtendaji akaifunga kesi. Siku zote hizo nilikunywa maji kwa jirani, naye hakuchoka kuniuliza sababu.

Jumanne mchana, kapu langu tupu likiwa mlangoni, Zuhura alirudi na sare yake mpya. Nilichojifunza nimewaachia wazazi wake: kumfundisha mtoto nyumbani si aibu, na jioni waendelee. Aibu ni kukaa naye kana kwamba ni mtoto wao peke yao.

"Zuhura," nikasema, "niletee yale maji yangu."

Nikanywa kikombe chote.