Nilimwomba Babu wa Ardhi Ruhusa ya Kuufuta Mji wa Keelung

Siku niliyopiga magoti kuomba ruhusa ya kuufuta mji mzima, nilikuwa na akili zangu timamu. Nasema mapema, maana najua mtauliza.

Naitwa Ping-hsun. Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili Taipei, Taiwan, takwimu za sayansi ya jamii. Kwa kifupi, tunahoji watu halafu tunawageuza namba.

Tasnifu yangu ilidai wanaokula chakula cha jioni na familia wana furaha zaidi. Nani angepinga?

Keelung walipinga.

Ni mji wa bandari jirani na Taipei; kule mvua haiji, inaishi hukohuko. Watu wanakula na familia kila jioni na bado wamenuna. Nikiwatoa kwenye takwimu zangu, tasnifu inang'aa. Nikiwabakiza, sina kitu, simalizi muhula ule, na kazi niliyoahidiwa inaota mbawa.

Msimamizi wangu, Profesa Yu, alikuwa mama mkali kama pilipili. Kauli yake ilikuwa moja: jibu usilolipenda nalo ni jibu.

Basi nikaenda kwa mkubwa wake. Babu wa Ardhi, mungu wa mtaa wetu, hekalu lake liko nyuma ya soko.

Pale unauliza, unarusha vipande viwili vya mbao. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, Babu amekubali. Vyote chali, anakucheka. Vyote kifudifudi, amekataa. Jambo zito linataka akubali mara tatu mfululizo.

"Babu, niwatoe Keelung?"

Akacheka.

Nikapunguza ombi. Nitoe wazee tu? Akakataa. Waliohojiwa siku za mvua? Nikakumbuka hao ni wote. Akacheka tena.

Nikarusha mpaka magoti yakawaka moto. Hatimaye ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nilikaribia kulia kwa furaha.

"Umerusha mara ngapi?"

Ni Profesa Yu, nyuma yangu, na mfuko wa machungwa mkononi.

"Tatu, Mwalimu."

Shangazi Lien, mfagiaji wa hekalu, hakuinua hata kichwa. "Tatu? Nimefagia ua mzima, nimekunywa na chai, huyu bado anarusha."

Nilitamani ardhi inimeze. Profesa akaniashiria nitoke, nikaishia mlangoni. Akapanga machungwa, akapiga magoti, akaanza kunong'ona. Ila mtu aliyezoea kufundisha kumbi kubwa hajui kunong'ona.

"Babu, huyu mtoto ndiye anayenifanyia hesabu zote za mradi wangu. Nimzuie mwaka mmoja zaidi?"

Nikachungulia ndani.

Akarusha. Vyote kifudifudi. Babu kakataa.

Profesa akavuta pumzi, akaviokota tena.

"Mwalimu," nikasema, sijui ujasiri ulitoka wapi, "jibu usilolipenda nalo ni jibu."

Ufagio wa Shangazi Lien ukasimama. Profesa akanitazama, akavitazama vile vipande, kisha akavirudisha mezani taratibu.

"Keelung wanabaki," akasema.

"Wanabaki, Mwalimu."

"Basi wewe utaondoka."

Nikahitimu muhula uleule, na tasnifu inayokiri kwamba sikuona dalili yoyote kuwa kula na familia kunaongeza furaha. Mama yangu aliisoma. Wiki nzima nilijipakulia mwenyewe.

Ndugu zangu, ukirudia swali lilelile mpaka upewe unachotaka, jua aliyekujibu ni wewe mwenyewe. Na kabla hujarusha, geuka kwanza uone nani yuko nyuma yako kwenye foleni.