Maboksi ya Fataki Chini ya Kitanda cha Mwenye Eda

Zuena binti Sadala alizaliwa Handeni, nchi ambayo mtu huondoka alfajiri kutafuta maji na kurudi jua likiwa utosini. Watu wa huko hawafundishwi ukaidi, wananyonya nao. Alipoolewa Korogwe, mtaa wa Manundu, mama mkwe wake, Bibi Mwanaidi, alimtazama siku tatu tu kisha akawauliza wazee walioposa, "Mmeniletea mwanamke au mwiba wa mchongoma?" Hakukosea sana.

Mumewe, Isihaka, alikuwa mtu mpole. Kazi yake ilikuwa korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge, kwenye shamba la ng'ambo ya mto. Zuena yeye aliuza vitumbua sokoni, na chini ya vitumbua aliuza kadi za TANU. Habari zikamfikia meneja. Meneja hakumwita Zuena, alimwita Isihaka. Siku hiyo Isihaka alirudi nyumbani saa nne asubuhi, chakula chake cha mchana hakijaguswa, na hakueleza chochote kwa mama yake zaidi ya kusema kwamba kazi imekwisha.

Bibi Mwanaidi ndiye aliyeeleza, kila siku, kwa miaka mitatu: mkamwana wake kamwachisha mwanawe kazi kwa ajili ya vikaratasi.

Tarehe ya Uhuru ilipotangazwa, wanawake wa Manundu wakaamua kwamba mji wao nao utawaka. Wakakaanga maandazi mpaka macho yakawa mekundu kwa moshi, wakaagiza fataki kwa Mhindi mmoja wa Tanga. Zikaja kwa treni, maboksi manne. Ofisi ya kamati ya sherehe ilikuwa inavuja, kwa hiyo maboksi yakawekwa chini ya kitanda cha Zuena, mahali pakavu na mbali na moto. Ilikubaliwa zirushwe uwanja wa mpira, nyuma ya nyumba yake, ambako kila mtu angeweza kuja na mkeka wake akakaa.

Mwezi wa kumi Isihaka akashikwa na kifua. Siku ya tisa akafa.

Zuena akakaa eda: miezi minne na siku kumi, kaniki mwilini, hakuna wanja, hakuna hina, hakuna kutoka nje ya ua. Alihesabu kwa vidole akaona Uhuru utakuja na kupita yeye akiwa ndani. Alilia kwa ajili ya hilo, kisha akaona haya, maana udongo wa kaburi la mumewe ulikuwa bado mbichi. Lakini fataki huenda juu. Uwanja ukiwa pale nyuma, angeziona akiwa uani kwake, bila kuvunja eda ya mtu aliyempenda. Jambo hilo lilimsaidia kulala.

Wiki moja kabla ya sikukuu, Mashavu, mjumbe mwenzake wa kamati, akaja na sura imemshuka. Mwenyekiti alikuwa amebadilisha mpango. Mwenyekiti huyo, Bwana Mhina, alikuwa karani wa shamba lile lile la mkonge, na kadi yake aliinunua juzi juzi, wakati hata mbuzi walishajua nani ameshinda. Sasa alitaka fataki zirushwe ng'ambo ya mto, kwenye klabu ya mabwana wa mkonge. Huko kuna viti, kuna nyasi zilizofyekwa, na mabwana wamekubali mwaliko. Wananchi watatazama wakiwa nje ya seng'enge.

"Nimembishia, dada, hasikii," Mashavu alisema. "Anasema ni heshima ya mji. Ndiyo hivyo tena, mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Huo tumeubusu mpaka midomo imechubuka," Zuena akamjibu. "Kamwambie fataki haziendi."

Kesho yake Mhina akaja na wanaume wawili na mkokoteni. Alipiga hodi, akatoa pole ndefu kuliko ile aliyotoa mazishini, kisha akasema amefuata mali ya kamati.

"Iko chini ya kitanda changu," Zuena alisema akiwa nyuma ya mlango. "Karibu uingie uichukue, mwenyekiti."

Mhina akarudi hatua moja nyuma. Chumba cha mwenye eda haingii mwanaume asiye wa damu yake, na hilo hata karani analijua. Mfukoni alikuwa na barua yenye muhuri, lakini muhuri haufungui mlango wa namna hiyo.

"Basi yatoe wewe, mama."

"Mimi nina msiba, mwenyekiti. Mambo ya sherehe siyashiki."

Jirani mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mhina akageuka kutafuta mwanamke wa kuingia ndani kwa niaba yake. Mashavu alisema mgongo unamuuma. Muuza dagaa wa nyumba ya pili naye mgongo. Siku ile Manundu nzima haikuwa na mwanamke wa kuinua hata kibatari, na mkokoteni ukarudi mtupu.

Lakini Mhina hakuwa mjinga. Alibaki mtu mmoja mwenye haki ya kuingia chumba kile, na mji wote ulijua chuki aliyokuwa nayo kwa Zuena. Asubuhi ya tarehe tisa Desemba, bendera mpya ikiwa imeshapandishwa, Mhina akaja barazani na ratili mbili za sukari na doti ya kanga, akauacha mkokoteni njiani, akaketi karibu na Bibi Mwanaidi. Zuena alisikia kila neno kupitia dirishani. Aliogopa kweli, maana hila nyingine hakuwa nayo.

"Shikamoo, bibi. Huyu mkamwana wako alishakuharibia mwanao," Mhina alisema. "Usimwache aharibu na sikukuu. Ni maboksi manne tu. Mabwana watasubiri."

"Mabwana gani?"

"Wa shamba, bibi. Meneja mwenyewe anakuja na mkewe."

Bibi Mwanaidi akainuka, akaingia chumbani. Zuena alikuwa amesimama mbele ya kitanda.

"Sogea," bibi alisema.

"Sisogei, mama. Ukiyataka utapita juu yangu."

Walitazamana. Tangu mazishi hawakuwa wametazamana hivyo.

"Siku ile," bibi akasema taratibu, "huyo meneja alimwambia nini mwanangu?"

"Alimwambia achague. Kazi, au mke mwenye kadi."

"Naye?"

"Alinichagua mimi."

Miaka mitatu bibi alikuwa amelaumu, hakuwa ameuliza. Akakaa kitandani, upande aliokuwa akilala mwanawe, akalia kwa sauti, na Zuena akalia naye. Kisha bibi akajifuta kwa ncha ya kanga, akainama, akavuta boksi la kwanza, akajitwika.

Mhina alimwona akitoka, akawahi kuuweka mkokoteni sawa. Bibi akaupita, akashika njia ya uwanja wa mpira.

"Bibi, huko siko," Mhina akaita. "Mabwana wako ng'ambo."

"Mwanangu alishachagua," bibi alisema bila kugeuka. "Meneja akitaka kutazama, avuke mto."

Mashavu akaingia ndani akatoka na boksi la pili. Migongo yote ilikuwa imepona.

Baada ya sala ya isha, fataki ya kwanza ikapanda juu ya Manundu, ikapasuka nyekundu, na uwanja mzima ukaguna kwa mshangao. Zuena alisimama uani, mkono wake ndani ya mkono wa Bibi Mwanaidi. Mzee mmoja wa ukoo akachungulia juu ya ua akafoka, "Mwanaidi, mwingize ndani huyo. Mwenye eda hatazami sherehe."

Bibi alifungua kinywa, lakini Zuena akamtangulia.

"Kaniki nimevaa, baba. Niko ndani ya ua wa mume wangu, na machozi haya ni yake," alisema. "Ila macho siyashushi."

Na hakuyashusha mpaka boksi la nne lilipokwisha.