Maneno Machache ya Shangazi

Shangazi yangu wa Wawi, kisiwani Pemba, hajui kufupisha. Ukimwuliza habari za asubuhi, ataanzia kwenye ndoto ya usiku. Kwa hiyo nilipomfungulia akaunti kwenye mtandao mmoja wa ujumbe mfupi, usiopokea zaidi ya mistari michache, nilijua atachoka nao upesi.

Siku ya kwanza alisema, mimi nikaandika, na nafasi ikajaa tukiwa bado kwenye salamu. Akaudhika, akaniuliza ni mtandao gani huu usio na adabu. Nikamwomba aseme lile tu lililomgusa siku hiyo. Alikuwa ametoka kuhangaika na karafuu uani. Akafikiri, kisha akasema polepole: "Nimeanika, mvua ikaja. Nimeanua, jua likatoka."

Nikatuma. Alasiri, Wapemba walioko Unguja, Dar es Salaam na Maskati walikuwa wakimjibu. Mmoja alicheka, mwingine akauliza kama karafuu zimepona. Shangazi hakuwa na kubwa la kujifunza: pa kuandikia ni hapa, pa kutuma ni pale, na majibu yanakaa chini yake. Akaanza kuandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, miwani puani.

Siku moja mwanamke wa Maskati akamjibu: "Wewe si yule aliyekuwa akimkimbia jogoo wa jirani?"

Shangazi akaiweka simu mkekani. Aliniambia kuwa habari ya jogoo yule aliijua rafiki yake mmoja tu wa chuoni, walikosoma Kurani pamoja; wao wawili wakiwa bado wasichana, rafiki huyo alihama na wazee wake, na hawakusikiana tena. Kisha akaiokota simu, akaandika: "Ndiye mie. Nawe ulikuwa ukinicheka."

Wakapigiana simu, wakalia, wakacheka. Hata hivyo kila siku walirudi kwenye vile vijistari vyao. Nilimwuliza kwa nini, maadamu namba anayo.

"Simu yataka mtu akae, aulizie ukoo mzima," akasema. "Huku mtu anapiga hodi, anasema lake, anapita. Nami najua yu mzima."

Mwaka jana rafiki yake alikuja Pemba. Tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege. Walikumbatiana, wakashikana mikono, wakaondoka wakizungumza wote wawili kwa pamoja, hakuna anayemngoja mwenziwe. Mimi nikabeba mabegi.